Kabla ya kumpa mgeni jembe



Juma lililopita nilikuwa Nambambo, wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Nilikwenda kwa ajili ya msiba wa jamaa, wala sikuwa na daftari mfukoni. Lakini mtu ambaye sauti yake inasikika redioni hana pa kujificha. Siku ya pili baada ya maziko, mzee mmoja mwenye karakana ndogo ya kubangua korosho alinitumia kijana aniite.

"Wewe ndiye yule wa mazungumzo ya redioni?"

"Ndiye mimi, mzee wangu."

"Basi kaa hapo mwanangu, unisikilize na wewe kwa zamu yako."

Mzee huyu alinunua mashine ya kubangulia korosho kutoka India, kwa kupitia wakala mmoja wa Dar es Salaam. Katika bei waliyopatana kulikuwa na fundi wa kuja kuifunga na kuwafundisha vijana wa karakana namna ya kuiendesha, kazi ya majuma matatu. Mashine ikafika, na fundi akafika. Wakala alikuwa amemwambia mzee kwamba viza ni viza, kwa hiyo fundi aliingia nchini kwa viza ya kawaida, ile ya watu wanaokuja kutembea. Kabla hajashika spana, jirani mmoja aliuliza kwa sauti, mbele ya watu, kama Mhindi yule ana kibali cha kazi. Mzee akaingiwa na hofu. Akafunika mashine kwa turubai na kumwambia mgeni wake apumzike. Nilipofika mimi, fundi yule alikuwa amepumzika siku kumi na moja katika nyumba ya wageni, akila na kulala kwa gharama za mzee, na kila asubuhi akiuliza kwa ishara kama leo ndiyo siku yenyewe.

"Sasa niambie," mzee aliniuliza, "mimi nimekosa nini? Sikumwajiri mtu. Nimenunua mashine."

Niseme kweli kwamba pale pale sikuwa na jibu la kutosha. Nilikuwa nayajua mambo haya juu juu, kama tunavyoyajua wengi. Niliporudi niliyafuatilia, na haya ninayoyasema leo ni jibu langu kwa mzee yule, na kwa waajiri wengine wa ukubwa wake ambao wakili hawana na mhasibu wao ni mtoto wa dada.

Wahenga walituambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya nchi yetu haikatai mgeni kupewa jembe. Inachotaka ni kujua kwanza jembe hilo ni la aina gani, atalishika kwa muda gani, na nani atalipokea atakapoondoka. Kwa kazi ya muda mfupi, kama ya fundi wa Nambambo, Idara ya Uhamiaji ina viza inayoitwa viza ya biashara. Hiyo ndiyo ya mtu anayekuja kufunga au kutengeneza mitambo, kufundisha kwa muda mfupi, au kufanya ukaguzi wa kitaalamu, kwa siku zisizozidi 90. Ada yake ni dola 250 za Marekani. Viza ya kawaida, kwa raia wa nchi nyingi, ni dola 50. Tofauti ni dola 200, takriban nusu milioni ya shilingi zetu. Nilikaa na mzee tukapiga hesabu ya chumba, chakula na nauli za mgeni wake kwa siku zile kumi na moja za bure, na tulipoikaribia ile nusu milioni mzee alisema basi, inatosha, funga daftari.

Kwa hiyo kosa lake halikuwa kumleta fundi. Lilikuwa kumleta kwa mlango usio wake. Mtu wa viza ya matembezi akionekana ameinama juu ya injini, hata kama halipwi senti moja na mwenye karakana, amekwisha kuwa mfanyakazi mbele ya sheria, na aliyempa kazi anaweza kushitakiwa pamoja naye.

Kazi ya muda mrefu ni habari nyingine. Hadi mwaka 2015, mwajiri wa Tanzania Bara alikuwa akienda Uhamiaji, ambako kwa sheria ya mwaka 1995 mgeni alipewa hati ya ukaazi ya daraja A kama ni mwekezaji, B kama ameajiriwa, na C kwa wengine kama vile wamisionari, wanafunzi na watafiti. Hati hiyo ndiyo iliyomruhusu kukaa, na ndiyo iliyomruhusu kufanya kazi. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Sheria Namba 1 ya mwaka huo, ikaanza kutumika mwezi Septemba. Tangu hapo milango ni miwili. Kwanza Kamishna wa Kazi atoe kibali cha kazi, kisha Uhamiaji watoe kibali cha ukaazi. Mtu mwenye cha kwanza bila cha pili hajakamilika, na mwenye cha pili bila cha kwanza hajakamilika vilevile. Zanzibar wana sheria yao ya ajira na ofisi yao, kwa hiyo mwenye hoteli Unguja asidhani karatasi ya Bara itamvusha bahari.

Vibali vya kazi navyo vina madaraja, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa sababu herufi ni zile zile za ukaazi lakini maana si ile ile. Daraja A ni la mwekezaji na aliyejiajiri. B ni la wataalamu ambao nchi imekiri kuwa inawahitaji: waganga na watu wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, walimu wa sayansi na hesabu. C ni la kazi nyingine zote, D ni la watumishi wa dini na mashirika ya hisani, na E ni la wakimbizi. Mwenye kuanzisha mradi mkubwa, akisajiliwa katika mamlaka ya uwekezaji, hupata nafuu ya kuleta idadi fulani ya wageni mwanzoni bila kuulizwa maswali mengi. Zamani walikuwa watano, na sheria ya uwekezaji ya mwaka 2022 ikafikisha kumi. Mzee wa Nambambo hahusiki na hayo. Yeye angeangukia daraja C, na daraja C ndilo lenye maswali.

Swali la kwanza ni kama umemtafuta Mtanzania ukamkosa. Siyo kusema tu kwa mdomo. Uonyeshe kwamba nafasi ulitangaza. Kisha vyeti vya mgeni, na kama vimeandikwa kwa lugha tusiyoijua vitafsiriwe. Mkataba wa ajira. Maelezo ya kazi yenyewe. Na karatasi za kampuni, kuanzia usajili na leseni hadi uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Kama kazi ni ya uhandisi au udaktari, kuna bodi na mabaraza ya taaluma ambayo nayo yanataka kumwona. Sheria ilipotungwa iliweka kibali kiwe cha miezi 24, kinachoweza kuhuishwa.

Halafu kuna karatasi moja ambayo waajiri wengi huiona ni usumbufu, nami naiona ndiyo roho ya sheria yote. Ni mpango wa urithishaji wa ujuzi. Mwajiri anatakiwa aandike ni Mtanzania gani atajifunza kazi ya mgeni, atajifunza vipi, na lini ataishika mwenyewe. Nimesikia kwamba mijini kuna watu wanaouza mipango hiyo ikiwa imekwisha kuchapwa, unajaza jina tu. Mwajiri ananunua, Kamishna anapokea, na yule kijana aliyeandikwa jina hajui hata kama jina lake limeandikwa.

Nina sababu ya kulisemea hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kituo kimoja cha redio, jina silitaji. Mtambo wetu wa kurushia matangazo ulifungwa na mtaalamu kutoka ng'ambo. Alikaa nasi miezi, mtu mpole, akipenda chai ya tangawizi. Tulimpa kijana wa kumsaidia, na kijana yule alimsaidia kweli: alimbebea sanduku la vifaa, alimnunulia vocha, alimtafsiria sokoni. Siku mtaalamu alipopanda ndege, kijana alijua bei ya embe kwa lugha mbili. Juma la Pasaka mtambo ukazima. Tulifungua kabati, tukakuta kitabu cha maelekezo kwa Kitaliano. Siku tatu tulikuwa kimya. Kwa mtu wa mjini mwenye redio kumi za kuchagua, siku tatu si kitu. Lakini matangazo ya vifo ya wilaya nzima yalikuwa yanapita kwetu. Juma lililofuata alikuja mama mmoja mlangoni kwetu, hakupiga kelele, alisema tu kwamba kaka yake amezikwa yeye hayupo. Sikuwa na la kumwambia. Hata leo sina.

Nachingwea yenyewe ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, maana ardhi ile imekwisha kupokea wageni wa kila namna. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Serikali ya Uingereza ilileta mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waingereza walikuja, wengi wao wanajeshi waliotoka vitani, na matrekta, na magari ya kung'olea miti. Reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mwezi Januari mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Mvua na udongo ndivyo vilivyoushinda, si kibali cha mtu. Lakini angalia kilichobaki. Bandari ipo Mtwara. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Wenyeji walibaki na majina ya mashamba yenye namba.

Mojawapo ya mashamba hayo ni Farm 17. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo Nachingwea, na miongoni mwa wakufunzi walikuwamo Wachina. Hao nao walikuwa wageni wenye ujuzi ambao sisi hatukuwa nao. Tofauti ni kwamba kazi waliyojia ilikuwa kufundisha tu. Aliyefundishwa asipoelewa, kazi haijafanyika. Mwaka 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na waliopigana walikuwa ni wanafunzi, si walimu. Sisemi karakana ya korosho iendeshwe kama kambi ya jeshi. Nasema mara ya kwanza mgeni alikuja na mashine, mara ya pili alikuja na somo.

Leo huko jirani Ruangwa kuna wageni wapya. Ardhi imekutwa na madini ya kinywe, yale yanayotakiwa na dunia nzima kwa ajili ya betri, na makampuni ya kutoka Australia na kwingineko yamekuwa yakihangaika nayo kwa miaka. Kwa migodi, kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania zimekaza zaidi: kampuni lazima ipeleke mpango wake Tume ya Madini, na ndani yake ieleze wageni watapisha lini. Hata mpira umo. Namungo ya Ruangwa ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na baadaye kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, katika jezi zile walikuwamo watu waliozaliwa nje ya mipaka yetu. Mshambuliaji kutoka Burundi naye ni mwajiriwa, na klabu iliyomsajili ni mwajiri, ingawa shabiki anayemlaani kwa kukosa penalti hamwazii kabisa Kamishna wa Kazi.

Migodi ina mawakili, na klabu zina makatibu. Wanaonitia wasiwasi ni wengine, ambao nilikutana nao njiani nikitoka msibani.

Msimu wa palizi na wa kuokota korosho, wanavuka watu Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kulima vibarua. Si jambo jipya. Enzi za mkonge, Wamakonde na Wamakua wa upande ule walijaa katika mashamba ya Lindi na kwingineko kama manamba. Mto ule umepita katikati ya koo. Mjomba yuko huku, mpwa yuko kule, lugha ni moja na jina la babu ni moja. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa utaratibu wa SADC, mtu wao anaweza kuingia kwetu kutembea bila viza, hadi siku 90. Kutembea, narudia. Siku ya tatu akipewa jembe, jembe lenyewe la mpini na siyo la methali, mwenye shamba la ekari tano anakuwa ameajiri mgeni bila kibali, sawa na kampuni kubwa iliyomficha mhandisi.

Katika madaraja yale matano sioni lenye kumfaa mtu wa palizi. Nani atalipa ada ya dola mia kadhaa kwa kibarua cha siku arobaini? Nani ataandika mpango wa kurithisha ujuzi wa kupalilia? Matokeo yake hakuna anayeomba, na kila mmoja anajua kwamba hakuna anayeomba. Mimi nilidhani hasara ya hali hiyo ni ya Serikali, inakosa ada. Hadi nilipomsikiliza kijana mmoja niliyepanda naye gari. Alipalilia shamba la mtu mwezi mzima na siku kumi. Siku ya malipo, mwenye shamba alimpa robo ya fedha na kumwambia kwamba akitaka zilizobaki waende wakazidai pamoja Uhamiaji. Kijana alichukua robo yake akaondoka usiku. Alinisimulia akicheka, kama mtu anayesimulia mchezo alioshindwa kihalali.

Waliotunga sheria walitaka kuzilinda ajira zetu, na ni haki yao. Lakini mfanyakazi asiye na karatasi ndiye rahisi kuliko wote, maana hata mshahara wake si lazima alipwe, na mwenye shamba akishazoea urahisi huo hatamwita tena kijana wa Nachingwea atakayemdai mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kibali cha msimu, cha bei ambayo mkulima anaweza kuilipa na kutolewa wilayani badala ya kufuatwa mbali, kingemlinda Mmakua wa ng'ambo na kingemlinda kijana wetu pia. Waheshimiwa wabunge wa kusini wanaijua habari hii kuliko mimi. Wana mashamba.

Nigusie na jambo moja ambalo watu wamelichanganya. Mwezi Julai mwaka 2025 ilitoka amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina kumi na tano, miongoni mwake saluni, ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Wengine wakaelewa kwamba mgeni sasa haruhusiwi kufanya kazi yoyote. Siyo hivyo, amri ile ni ya leseni za biashara. Kwa Nachingwea inamgusa yule anayezunguka vijijini kununua ufuta na mbaazi mlangoni kwa mkulima, wakati mazao yanatakiwa yapite ghalani kwa chama kikuu, RUNALI, na mnada. Inamgusa pia raia anayemwazima mgeni jina lake: adhabu ni faini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miezi mitatu. Wale wanaojiita wakurugenzi wa makampuni ambayo hawajawahi kuyaona hesabu zake, hao ndio nawaambia.

Nimrudie mzee wangu. Jana nilimpigia simu nikamweleza hayo ya viza ya biashara. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama wakala naye atarudisha nauli. Nikamwambia hilo aliangalie katika mkataba wao. Kumbe mkataba wao ni wa mdomo. Tulikubaliana kwamba mgeni asiguse chochote, aondoke, na arudi kwa viza inayomstahili, ambayo maombi yake hufanywa kwa mtandao kabla mtu hajakata tiketi.

Nikamuuliza ni nani atakayesimama na fundi atakaporudi. Akanitajia mtoto wa mdogo wake. Nikauliza kama kijana huyo amewahi kufungua injini. Mzee akasema hapana, lakini ni mtoto mwenye adabu. Baadaye kidogo akakumbuka binti mmoja wa jirani, yule yule jirani aliyeuliza habari za kibali, aliyemaliza ufundi wa umeme VETA na sasa anauza maandazi stendi. Nilimwomba amwite. Alisema atafikiri, kwa sababu na baba yake hawajasalimiana tangu siku ile.

Fundi alipanda basi la Dar es Salaam leo alfajiri. Mashine ingali chini ya turubai.